Mtani wetu Malawi: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni

Watu wa Nyanda za Juu Kusini tumelelewa katika utani. Mhehe wa Iringa na Mngoni wa Songea wakikutana kwenye basi, safari haifiki Makambako kabla mmoja hajamwita mwenzake mtumwa wake, na abiria wote wakacheka. Mgeni asiyejua mila hudhani pana ugomvi. Kumbe mababu wa watu hao wawili walipigana vita vikali katika karne ya 19, na walipochoka kuuana wakaugeuza uadui wao kuwa mzaha. Hiyo ni hekima ambayo wazee wetu hawakuisoma katika chuo chochote.

Utani huo haukuishia kwa makabila. Unavuka hata mpaka wa nchi. Mkazi wa Mbeya akitaka kumtania mtu wa nje, haangalii mbali. Anatazama kusini, kupitia Tukuyu na Kyela hadi daraja la Mto Songwe pale Kasumulu, ambako ng'ambo yake ni Malawi. Barazani, baada ya swala ya Alasiri, iwe Iringa mjini au Mwanjelwa, utasikia watu wakiichekea kwacha yao, wakilichekea dai lao juu ya ziwa, na wakiuchekea udogo wa nchi yao, ambayo ingeweza kuingia katika nchi yetu karibu mara nane. Nao Wamalawi, tusijidanganye, wana yao ya kutusema. Hasa inapochezwa netiboli, ambapo Malawi Queens wamekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa timu bora duniani, dada zetu wa Taifa Queens wanajua ni upande gani unaocheka.

Hatuna nia ya kuupiga marufuku mzaha huo. Lakini ndugu msomaji akumbuke kwamba utani wa kwetu una pande mbili. Mtani ana ruhusa ya kukutania ukiwa mzima, na ana wajibu wa kukufaa ukipatwa na msiba. Ndiye anayechimba, ndiye anayebeba maji, ndiye anayewachekesha wafiwa waliokosa usingizi. Masheikh wetu wamekemea, kwa haki kabisa, ile mizaha ya makaburini inayovunja heshima ya maiti. Hata hivyo msingi wa jambo hilo ni mwema: anayekutania anakujua, na anayekujua anawajibika kwako.

Dini yetu nayo imeweka mpaka. Katika Suratul Hujurat, aya ya 11, Mwenyezi Mungu (s.w.) anawakataza watu wasiwadharau watu wengine, kwa kuwa huenda wanaodharauliwa ni bora kuliko wanaodharau. Aya mbili mbele anatueleza kwamba tofauti za mataifa na makabila zimewekwa ili tujuane. Utani unaokaa ndani ya mpaka huo ni udugu. Ukiuvuka, unakuwa dharau, na dharau humfunga mtu macho asione jema la mwenzake. Ndiyo maana wahenga, pamoja na ukali wao, walisema: mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.

Leo tunataka kumpa mtani wetu Malawi haki yake.

Ziwa, mto na ndizi

Kwanza tuyaseme yanayotugombanisha, maana sifa isiyojua ugomvi ni unafiki.

Ugomvi wa zamani ni wa ziwa. Sisi tunaliita Nyasa, wao wanaliita Malawi. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890 uliuweka mpaka ufukweni upande wetu, na Malawi inaushikilia. Tanzania inasema mpaka unapita katikati ya maji, kama ilivyo desturi ya mataifa yanayogawana ziwa. Rais Hastings Kamuzu Banda alilikoleza jambo hilo miaka ya 1960, likalala, kisha likaamka mwaka 2012 baada ya kuanza kwa habari za utafutaji wa mafuta. Likapelekwa kwa marais wastaafu wa Afrika chini ya Joaquim Chissano wa Msumbiji. Tangu hapo wavuvi wa pande zote wanaendelea kuvua. Na linalochekesha ni kwamba neno nyasa lenyewe, katika lugha za wenyeji wa ziwa hilo, maana yake ni ziwa. Tunagombana, basi, juu ya Ziwa Ziwa.

Ugomvi wa pili ulikuwa wa siasa. Malawi ilipopata uhuru tarehe 6 Julai 1964, nchi yetu ilitarajia mwenzi katika ukombozi wa kusini mwa Afrika. Badala yake Dk. Banda alifungua uhusiano wa kibalozi na serikali ya makaburu ya Afrika Kusini mwaka 1967, na wapinzani wake wengi wakakimbilia kwetu. Mmoja wao, Kanyama Chiume, waziri wake wa zamani, alikuwa amelelewa Tanganyika. Aliporudi kama mkimbizi alikaa akaandika riwaya kwa Kiswahili safi. Mtani huyo alitupa hata waandishi.

Ugomvi wa karibuni ulikuwa wa tumbo. Mwezi Machi 2025 Malawi, ikiwa na uhaba mkubwa wa fedha za kigeni, ilizuia baadhi ya bidhaa kutoka nje, zikiwamo unga wa mahindi, mchele, tangawizi na ndizi. Kwa mkazi wa Dar es Salaam hiyo ilikuwa habari ya gazetini. Kwa mkazi wa mkoa wa Mbeya ilikuwa orodha ya kila anachokilima: mchele wa Kyela, ndizi za Rungwe, unga wa mashine zetu. Mwezi Aprili serikali yetu ikajibu kwa kuzuia mazao ya Malawi na ya Afrika Kusini. Katazo hilo liliondolewa baada ya muda mfupi na pande mbili zikakaa mezani. Lakini ndizi haina subira ya wanadiplomasia; mkungu ukikaa juu ya lori siku chache, umekwisha. Wahenga walisema fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi, na safari hii nyasi ilikuwa mama wa Tukuyu aliyekopa ili akusanye mzigo, na mama wa Karonga aliyeusubiri ili auze apate ada ya mtoto.

Wanyakyusa wa upande huu na Wangonde wa upande ule ni watu wamoja kwa asili. Lugha zao zinasikilizana, wanaoana, wanazikana. Mto Songwe wenyewe hauheshimu ramani: ukifurika hubadili njia, na shamba lililolala Tanzania huamka Malawi. Ndiyo sababu nchi zote mbili zimelazimika kuunda kamisheni ya pamoja ya bonde la mto huo. Hakuna waziri awezaye kuutenganisha ujirani wa namna hiyo kwa tangazo.

Waliowapokea wageni

Sasa tuje kwenye sifa.

Vita vya ndani vya Msumbiji vilianza mwaka 1977 na kwisha mwaka 1992. Katika miaka ya mwisho ya vita hivyo, watu waliovuka mpaka kuingia Malawi walizidi milioni moja. Malawi wakati huo haikufika watu milioni kumi. Maana yake ni kwamba katika kila watu kumi hivi, mmoja alikuwa mkimbizi, na katika wilaya ya Nsanje, kusini kabisa, wageni waliwazidi wenyeji. Wengi wao hawakufungiwa nyuma ya nyua. Waliishi vijijini, wakagawana na wenyeji kuni, visima na vijishamba. Kisha mwaka 1992 ukaja ukame mkali, na bado hawakufukuzwa.

Tusiwafanye malaika. Serikali ya Dk. Banda ilishutumiwa, na Rais Samora Machel mwenyewe akiwa miongoni mwa washutumu, kwamba iliwasaidia waasi walioileta balaa hiyo. Wakubwa walikuwa na siasa zao. Lakini mwanakijiji wa Nsanje au Dedza, aliyekuwa na debe moja la mahindi, alilipasua mara mbili. Sisi tunaosoma Suratul Hashr, aya ya 9, tunawajua Ansari wa Madina, ambao Mwenyezi Mungu amewasifu kwa kuwatanguliza wageni wao ingawa wao wenyewe walikuwa na uhitaji. Mtu akitaka kumwonyesha mwanawe mfano wa tabia hiyo katika zama zetu, hahitaji kwenda mbali na Kasumulu.

Nchi yetu pia imewapokea Warundi, Wakongo na hao hao Wasumbiji, na tunajivunia. Lakini sisi tulikuwa na ardhi kubwa. Wao walikuwa na ufinyu, na katika ufinyu ndipo ukarimu hupimwa.

Muislamu aliyechaguliwa na Wakristo

Sifa ya pili inawahusu zaidi wasomaji wa gazeti hili.

Uislamu uliingia Malawi kwa njia ile ile ulivyoingia bara letu, yaani kwa misafara ya pwani. Katika karne ya 19 Salim bin Abdallah, aliyetoka Zanzibar, alijenga utawala wake Nkhotakota, magharibi mwa ziwa, na warithi wake wakaitwa Majumbe. Wayao, wafanyabiashara hodari waliokuwa wakisafiri kati ya ziwa na Kilwa, wakasilimu kwa wingi. Historia hiyo ilichanganyika na biashara ya utumwa, na hatuna haja ya kulificha hilo. Uislamu ulibaki baada ya dhuluma hiyo kuondoka. Leo Mangochi, Machinga, Salima na Nkhotakota zinajulikana kwa misikiti yake. Sensa ya mwaka 2018 iliwakuta Waislamu wakiwa karibu mtu mmoja katika kila watu saba.

Katika nchi hiyo hiyo, mwezi Mei 1994, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya miaka thelathini ulimweka Ikulu Bakili Muluzi, Myao na Muislamu. Kura za Waislamu peke yao zisingeweza kumfikisha huko, walimpigia Wakristo. Ifahamike pia kwamba miaka miwili kabla, ni maaskofu Wakatoliki wa Malawi, kwa waraka wao wa Kwaresma wa mwaka 1992, walioanza kuusema hadharani udhalimu wa utawala wa chama kimoja. Maaskofu wakafungua mlango, na Muislamu akapita. Dk. Banda, aliyekuwa amejitangaza rais wa maisha mwaka 1971, alishindwa kwa kura, akakubali, akaenda nyumbani.

Muluzi hakuwa mkamilifu. Alipokaribia mwisho wa muhula wake wa pili wafuasi wake walijaribu kuibadili katiba ili aendelee, na mwaka 2002 Bunge likakataa. Wengi wa wabunge hao walikuwa Wakristo, lakini waliopinga walikuwamo wa dini zote, kwa sababu swali halikuwa la dini. Mwaka 2004 akaondoka. Wala hatusemi kwamba Waislamu wa huko hawana shida. Migogoro juu ya hijabu mashuleni imewahi kuwafikisha kwenye vurugu. Tunasema hivi tu: jirani yetu maskini alimtazama mtu, hakutazama kofia yake, na alipomkataa alimkataa kwa sababu ya katiba, si kwa sababu ya kofia.

Mwaka 2012 walipimwa tena. Rais Bingu wa Mutharika alifariki ghafla mwezi Aprili. Makamu wake, Bi. Joyce Banda, alikuwa amekwisha kufarakana naye, na baadhi ya mawaziri walitaka kumzuia asirithi kiti. Mkuu wa jeshi akasimama upande wa katiba, na mama huyo akaapishwa. Bunduki zilikuwapo, na hazikutumika.

Majaji watano

Sifa ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote.

Tarehe 21 Mei 2019 Wamalawi walipiga kura. Rais Peter Mutharika, ndugu yake Bingu, akatangazwa mshindi kwa asilimia 38 na kidogo, akifuatiwa na Lazarus Chakwera, mchungaji, aliyekuwa na asilimia 35. Fomu nyingi za matokeo zilikuwa zimefutwafutwa na kuandikwa upya kwa wino mweupe wa kufutia. Watu waliandamana kwa miezi, na damu ilimwagika, ya raia na ya polisi. Chakwera na Saulos Chilima, aliyekuwa wa tatu, wakaenda mahakamani.

Kesi ilisikilizwa na majaji watano. Katikati ya kesi ilibainika kwamba kulikuwa na jaribio la kuwahonga. Majaji wakatoa taarifa, na mwaka 2021 mfanyabiashara mmoja mkubwa akatiwa hatiani kwa kosa hilo. Tarehe 3 Februari 2020 walifikishwa mahakamani kwa gari la kijeshi kwa kuhofiwa maisha yao. Wakasoma hukumu yenye kurasa zaidi ya 500, kwa saa nyingi, taifa zima likiwa limetega sikio redioni. Uchaguzi ukabatilishwa. Mahakama ya Rufani ikauthibitisha uamuzi huo mwezi Mei. Serikali ilipojaribu mwezi Juni kumpa Jaji Mkuu likizo ya lazima, wanasheria na majaji wakaandamana wakiwa na majoho yao. Tarehe 23 Juni 2020 kura ikarudiwa na Chakwera akashinda kwa asilimia 58. Kabla ya hapo, barani Afrika, uchaguzi wa rais haukuwahi kubatilishwa na mahakama na kisha upinzani ukashinda marudio.

Hadithi hiyo haikuishia hapo. Mwezi Septemba 2025 Wamalawi, waliochoshwa na ugumu wa maisha, walimwondoa Chakwera na kumrudisha Mutharika yule yule, sasa akiwa na umri wa miaka 85. Chakwera alikubali kushindwa kabla hata tume haijamaliza kutangaza. Aliyeondolewa na majaji alirudishwa na wananchi, na aliyeingia kwa mlango wa mahakama alitoka kwa mlango wa kura. Hakuna aliyelazimika kukimbia nchi.

Bwana Mtume (s.a.w.) ametuonya kwamba makadhi ni wa aina tatu, na kwamba anayeokoka ni yule aliyeijua haki akahukumu kwayo. Majaji wale hawakuwa wanahukumu kwa sharia yetu. Lakini kuijua haki, kuikataa rushwa, na kuitamka haki mbele ya mwenye nguvu ni jambo ambalo Muislamu hulitambua popote alionapo.

Na tunao mfano wake katika sira. Waislamu wa kwanza walipoteswa Makka, Mtume (s.a.w.) aliwaelekeza Afrika, kwa mfalme wa Habasha, akamsifu kuwa mfalme ambaye mbele yake hadhulumiwi mtu. Mfalme huyo alikuwa Mkristo wakati huo. Makureshi wakampelekea wajumbe na zawadi ili awarudishe wakimbizi. Najashi akawasikiliza wa pande zote mbili, akawaamini waliodhulumiwa, na zawadi akazirudisha. Basi kuisifu nchi jirani ya Kiafrika kwa uadilifu wake ni sunna iliyotangulia, na sifa hiyo haikumpunguzia Mtume (s.a.w.) mapenzi yake kwa Makka, mji aliouacha akiwa anaulilia.

Tutafute ghibta, tuiache husuda

Wanachuoni wetu wametofautisha mambo mawili. Husuda ni kutaka neema ya mwenzako iondoke. Ghibta ni kuitamani neema hiyo nawe uipate, bila yeye kupungukiwa. Ya kwanza ni maradhi na ya pili yafaa. Mtani mwema hana husuda, lakini ghibta anayo.

Je, sisi tutamani nini kutoka kwa Malawi? Hatuwezi kutamani kila kitu. Njaa inawarudia mara kwa mara, mafuta yanakosekana vituoni, sarafu yao inashuka, na ufisadi umewachosha kama unavyowachosha watu kwingine. Mwezi Machi 2023 kimbunga Freddy kiliwaua au kuwapoteza watu zaidi ya elfu moja kusini mwa nchi yao, na Tanzania ikapeleka unga wa mahindi, mahema, mablanketi na helikopta za jeshi. Huko ndiko kuufanya utani kwa ukamilifu wake: mtani alipofiwa, tulikwenda. Huenda sehemu ya mahindi ya unga ule ililimwa katika mashamba yetu ya Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma, mikoa inayoitwa ghala la taifa.

Tunachoweza kutamani ni mlango ule wa mahakama. Katiba yetu, katika ibara ya 41(7), inasema kwamba mgombea akishatangazwa na Tume ya Uchaguzi kuwa Rais, hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako Arusha, nyumbani kwetu wenyewe, iliamua mwaka 2020 kwamba ibara hiyo inapingana na haki. Bado ipo. Majaji wetu hawakosi elimu wala ujasiri wa wale watano wa Malawi; wamefungiwa mlango ambao wenzao wameachiwa wazi.

Uchaguzi wetu wa tarehe 29 Oktoba 2025 uliambatana na machafuko na vifo, na Mbeya ilikuwa miongoni mwa miji iliyoguswa. Tume iliundwa kuchunguza, na si kazi ya safu hii kuhukumu. Lakini zipo nyumba, za Waislamu na za Wakristo, ambazo zina kitanda kisicholaliwa. Kwa ajili ya nyumba hizo tunasema: mwenye lalamiko akiwa na mahali pa kulipeleka, asikilizwe na ajibiwe, barabara hubaki ya wapita njia. Malawi nao waliandamana na wakapoteza watu. Tofauti ni kwamba palikuwa na chumba chenye majaji ambacho hasira ile iliweza kuingia ikatoka ikiwa hukumu. Jambo hilo halihitaji utajiri. Nchi iliyolifanya ni moja ya nchi maskini sana duniani.

Tunajua atatokea wa kusema: mnawasifu wa nje mkiisema nchi yenu. Mwenyezi Mungu (s.w.), katika Suratul Maida, aya ya 8, ametuamuru tusiache kufanya uadilifu hata kwa watu tunaowachukia. Ikiwa adui ana haki ya kushuhudiwa kwa ukweli, vipi mtani? Anayempenda mwanawe humwonyesha mtoto wa jirani anayefanya vizuri darasani, na hakuna anayesema kwamba baba huyo amebadilisha mtoto.

Kwa wazazi wanaosoma kurasa hizi tuna ombi. Watoto wetu wanajua majina ya wachezaji wa London na Madrid, lakini waulizeni majina ya miji mitatu ya Malawi. Mbeya hadi mpakani ni safari ya saa chache. Familia inayoweza kwenda pwani likizo inaweza kwenda Karonga, ikaswali Ijumaa na ndugu zake wa huko, ikanunua samaki wa ziwa lile lile lenye majina mawili. Tangu mwaka 2019 Kiswahili ni lugha rasmi ya SADC, na Wamalawi wanajifunza. Mtoto wetu akijibu salamu kwa maneno mawili matatu ya Kichewa au ya Kiyao, atakuwa ameanza kuitekeleza ile aya ya kujuana.

Na wafanyabiashara wetu wa Uyole, Tukuyu na Kyela wasiache kudai kwamba safari nyingine, kabla geti halijafungwa, wakubwa wazungumze kwanza. Mazungumzo yaliyofanyika baada ya ndizi kuoza yangeweza kufanyika zikiwa mbichi.

Utani uendelee. Kwenye netiboli hatutawaombea ushindi, na juu ya ziwa hatutawaachia hata pezi la samaki. Tunamwomba Mwenyezi Mungu awape mvua na chakula, awahifadhi majaji wao na mahakimu wetu, na atujaalie sisi na wao viongozi wanaojua kuingia na wanaojua kutoka. Amin.